Thoreau: Mtengenezaji penseli aliyelala jela kwa kukataa kugharimia utumwa

JIONI moja ya Julai 1846, kijana wa umri wa miaka 29 aliingia katika mji mdogo wa Concord, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwenda kuchukua kiatu alichokuwa amempelekea fundi akishone. Hakufika kwa fundi. Njiani alikutana na Sam Staples, konstebo na mtoza kodi wa mji huo, ambaye alimkumbusha kwamba hakuwa amelipa kodi ya kichwa kwa miaka kadhaa.

Staples hakuwa mtu katili. Alijitolea kumlipia deni hilo kutoka mfukoni mwake mwenyewe, jambo ambalo ni watoza kodi wachache mno wa zama zozote wanaoweza kulifanya. Kijana alikataa. Hakuwa amekosa pesa. Alichokosa ni nia ya kulipa. Usiku huo akalala korokoroni.

Jina lake lilikuwa Henry David Thoreau. Alikaa ndani usiku mmoja tu na asubuhi akaachiliwa, na wakati huo hakuna aliyedhani kisa hicho kilistahili kukumbukwa hata na majirani zake. Leo, zaidi ya miaka 160 tangu afariki, usiku huo unafunzwa katika vyuo vikuu vya mabara yote.

Thoreau anajulikana kwa mambo mawili: kibanda alichojijengea kando ya ziwa, na usiku huo wa jela. Wapenda mazingira wamejitwalia kibanda, nao wanaharakati wamejitwalia jela, kila upande ukienda zake. Mwandishi huyu anaona kwamba mambo hayo hayatengani hata kidogo. Ni kwa kuwa alikuwa amejifunza kuishi kwa vitu vichache ndipo serikali ilipotafuta mahali pa kumshika ikapakosa.

Alizaliwa mjini Concord mnamo Julai 12, 1817 na kupewa jina David Henry. Alipokuwa mtu mzima aliyageuza majina hayo, Henry likatangulia, bila kuomba idhini ya yeyote. Babake, John, alikuwa mtengenezaji penseli. Mamake, Cynthia, alipangisha vyumba vya nyumba yao ili kuongeza kipato, na pamoja na binti zake alikuwa miongoni mwa wanawake wa mji huo walioungana tangu 1837 kupinga utumwa. Hilo halina budi kutajwa mapema, kwa maana mara nyingi Thoreau husimuliwa kana kwamba dhamiri yake iliota yenyewe msituni kama uyoga. Aliinyonya nyumbani.

Familia ilijinyima ili aende Chuo Kikuu cha Harvard, alikosoma kuanzia 1833 hadi 1837. Alirejea Concord na kuajiriwa kufundisha katika shule ya umma. Kazi hiyo ilidumu majuma machache tu. Mmoja wa wasimamizi wa shule alimkemea kwa kutowachapa wanafunzi. Inasimuliwa kwamba Thoreau aliwatwaa wanafunzi kadhaa bila kuchagua, akawachapa, kisha jioni hiyo hiyo akajiuzulu. Msomaji aliyepitia shule zetu kabla ya viboko kupigwa marufuku mnamo 2001 ataelewa uzito wa uamuzi huo, na labda atawahurumia zaidi wale waliochapwa ili mwalimu atoe funzo.

Mnamo 1838 alifungua shule yake mwenyewe, na muda si muda nduguye mkubwa, John, akajiunga naye. Ndugu hao walipendana sana. Waliwapeleka wanafunzi nje kutazama ndege, mimea na kazi za mafundi, jambo lililokuwa geni siku hizo. Mnamo 1839 walijitengenezea mashua na kusafiri pamoja katika mito ya Concord na Merrimack. Hata walimpenda msichana mmoja, Ellen Sewall, na kila mmoja akamposa kwa wakati wake mnamo 1840. Wote wawili walikataliwa. Thoreau hakuoa maishani mwake.

Afya ya John ilipozorota shule ilifungwa mnamo 1841. Siku ya mwaka mpya wa 1842 John alijikata kidole kidogo tu akinoa wembe. Jeraha likaingia pepopunda, na mnamo Januari 11 akafariki mikononi mwa Henry. Siku chache baadaye Henry naye akaonyesha dalili zile zile, taya zikikakamaa, ilhali hakuwa na kidonda popote. Madaktari hawakuwa na la kufanya. Alipona, lakini wasomaji wa vitabu vyake wasisahau kwamba mtu huyu aliyesifu mapambazuko alianza kuandika akiwa na msiba ambao hakuusimulia waziwazi.

Wakati huo alikuwa akiishi katika nyumba ya Ralph Waldo Emerson, mwanafalsafa na mhadhiri mashuhuri aliyemzidi umri kwa miaka 14. Emerson alimpa chumba na vitabu, naye Thoreau akawa fundi wa nyumba: alirekebisha vitu, akalima bustani na kucheza na watoto. Ni Emerson aliyemshawishi kuanza kuweka kumbukumbu za kila siku mnamo Oktoba 1837. Thoreau aliziandika kwa takriban miaka 24, na zikafikia maneno yapata milioni mbili.

Alifanya kazi nyingi ila hakuna aliyoiita kazi yake. Alifundisha, alipima ardhi za watu, alijenga nyua, na kila familia ilipobanwa alirudi katika karakana ya penseli. Huko alikuwa fundi hasa. Penseli za Marekani enzi hizo zilikuwa duni, zikichafua karatasi na kukatika ovyo. Thoreau alipata njia ya kuisaga grafaiti ikawa laini na kuichanganya na udongo wa mfinyanzi, hata penseli za Thoreau zikahesabiwa miongoni mwa bora zaidi nchini humo. Angeweza kutajirika. Alipokwisha kuufumbua ule mwiko wa kiufundi, hamu ikamtoka. Sisi tulioanza kazi ya uhariri enzi za kusahihisha kwenye karatasi tunajua thamani ya penseli njema, na tunaruhusiwa kusikitika kidogo.

Mnamo Aprili 1844 aliwapa majirani sababu ya kweli ya kumlaumu. Akiwa na rafiki yake, aliwasha moto kando ya mto ili wapike samaki, na moto huo ukashika nyasi kavu. Takriban ekari 300 za misitu zikateketea. Kwa miaka mingi baadaye wapo waliomnong'ona kwa jina la mchoma misitu. Yeye anayeheshimiwa kote duniani kama mtetezi wa miti alianza kwa deni.

Kisha ukaja mwaka wa 1845. Mwezi Machi aliazima shoka, akaelekea katika kipande cha ardhi ambacho Emerson alikuwa amekinunua kando ya ziwa Walden, takriban kilomita mbili na nusu kutoka mjini, akaanza kukata misonobari. Alinunua kibanda cha mfanyakazi wa reli kutoka Ireland, James Collins, kwa dola 4.25, ili atumie mbao zake. Alipokuwa akizisafirisha mbao hizo kwa mkokoteni, jirani mmoja alikuwa akizitia mfukoni misumari iliyokuwa bado mizima. Thoreau aliandika hata wizi huo, bila hasira.

Nyumba ilipokamilika ilikuwa na upana wa futi 10 na urefu wa futi 15. Ilimgharimu dola 28 na senti kumi na mbili na nusu. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, dawati na viti vitatu. Alihamia humo Julai 4, 1845, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na akaishi humo kwa miaka miwili, miezi miwili na siku mbili.

Alilima maharagwe katika shamba la takriban ekari mbili na nusu, na mwaka wa kwanza akapata faida ya dola 8 na senti sabini na moja na nusu. Hizo nusu senti si mzaha. Thoreau alitaka kujua kwa hesabu, si kwa mahubiri, binadamu anahitaji kiasi gani ili aishi, na ni kiasi gani cha maisha yake anakitoa ili kununua visivyohitajika. Chakula chake kilikuwa mchele, viazi, maharagwe, unga wa shayiri nyeusi na unga wa mahindi, ambao Mkenya hahitaji kutambulishwa kwao. Chakula cha miezi minane kilimgharimu dola 8.74. Akahitimisha kwamba akifanya kazi ya kijungujiko kwa majuma takriban sita kwa mwaka, yaliyobaki yote yangekuwa yake.

Wakati huo uliobaki hakuulalia. Aliandika kitabu kuhusu ile safari ya mtoni, kumbukumbu ya nduguye aliyekufa. Alipima kina cha ziwa Walden kupitia matundu aliyotoboa kwenye barafu na kupata futi 102, akiwakata kauli watu wa Concord ambao kwa vizazi walikuwa wakiapa kwamba ziwa hilo halina chini. Alitembea saa nyingi kila siku. Baadaye akaja kuandika siku ambayo kila ua lilichanua.

Wapo wanaocheka hadi leo wakisikia kwamba mkaa-pweke huyu alikuwa akienda nyumbani kwa mamake kula chakula cha jioni, na kwamba reli ilipita kando ya ziwa lake. Kicheko hicho kinamlenga mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Thoreau hakudai kuwa mtawa. Viti vile vitatu vilikuwa vya wageni, na wageni walifika: wakulima, wakata barafu, watoto, wahadhiri, hata mtumwa mtoro ambaye alimsaidia kuendelea na safari yake kuelekea kaskazini.

Lawama yenye uzito ni nyingine. Siku moja mvua ilimfukuza hadi kwenye kibanda cha kibarua maskini kutoka Ireland, aliyeishi humo na mkewe na watoto. Thoreau aliketi chini ya paa linalovuja akamfundisha mwenyeji wake jinsi ya kuishi bila chai, kahawa, siagi wala nyama, ili asihitaji kutoa jasho kiasi kile. Alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake na hakuonekana kuona aibu. Lakini mtu aliyesoma Harvard, asiye na mke wala mtoto, na ambaye angeweza kurudi kwao siku yoyote, ana haki gani ya kumsomea kibarua mahubiri ya kujinyima? Ukata wa kuchagua na ukata wa kusukumiwa haviwi kitu kimoja hata vikivaa nguo za aina moja. Hapo Thoreau aliteleza, na wanaompenda wakubali hivyo.

Pahali pengine aliona mbali kuliko wenzake wote. Katika misitu ile ya Walden aligundua mashimo ya nyumba zilizobomoka na akauliza yalikuwa ya nani. Yalikuwa ya watu weusi. Alimwandika Cato Ingraham, aliyekuwa mtumwa wa tajiri wa Concord. Alimwandika Zilpah White, aliyejilisha kwa kusokota nyuzi, na ambaye kibanda chake kilichomwa na askari wa Uingereza waliokuwa mateka wakati wa vita vya 1812. Alimwandika Brister Freeman, aliyekuwa mtumwa kabla ya kujitwalia uhuru na jina la kuutangaza, na ambaye miti yake ya matufaha ilikuwa bado inazaa.

Concord ilijisifu kuwa ndiko mapigano ya kupigania uhuru wa Marekani yalikoanzia mnamo 1775. Haikupenda kukumbuka kwamba nayo ilimiliki watumwa, na kwamba walipoachiliwa walisukumwa ukingoni mwa mji, katika ardhi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Thoreau alikuwa amejenga kibanda chake juu ya ujirani wao, naye akawaweka kitabuni kwa majina.

Tukirejea sasa kwenye kiatu na konstebo, itaeleweka kwamba kijana aliyekamatwa Julai 1846 alikuwa akishuka kutoka kibanda hicho, akiwa amekaa humo mwaka mmoja na ushei.

Kodi ya kichwa ni jina lisilohitaji tafsiri kwetu, kwani babu zetu walitozwa na serikali ya kikoloni na kuikimbia vichakani. Ile ya Massachusetts ilitozwa kila mwanamume mtu mzima. Thoreau alikuwa ameacha kuilipa kwa takriban miaka sita. Hakuwa wa kwanza: rafiki yake Bronson Alcott alikamatwa kwa kosa hilo hilo mnamo 1843. Wala hakuwa adui wa kila kodi. Ile ya barabara aliilipa bila kinyongo, kwa kuwa barabara alizitumia na jirani zake pia.

Kilichomchukiza ni mambo mawili. Marekani ilikuwa na utumwa. Sensa ya 1850 ingekuja kuhesabu watumwa milioni 3.2. Na mnamo Mei 1846 taifa hilo lilikuwa limeanza vita dhidi ya jirani yake, Mexico, ambavyo wapinzani wa utumwa waliviona kuwa njama ya kupata ardhi mpya ya kuupanua. Vita hivyo vilipomalizika mnamo 1848, Mexico ilikuwa imepokonywa eneo kubwa mno, California ikiwemo.

Wakosoaji husema kwamba kodi ile ilikuwa ya jimbo, si ya serikali kuu iliyopeleka majeshi, na kwa hivyo pesa za Thoreau hazingenunua hata risasi moja. Ni kweli. Naye alilijua hilo. Alichokiona ni kwamba raia wa kawaida hukutana na serikali uso kwa uso mara moja tu kwa mwaka, katika umbo la mtoza kodi, na kwamba hiyo ndiyo fursa pekee aliyo nayo ya kuiambia hapana na ikasikia. Massachusetts haikuwa na mashamba ya watumwa, lakini viwanda vyake vilifuma pamba iliyolimwa na watumwa, na wafanyabiashara wake waliilaani dhambi hiyo makanisani Jumapili na kuihesabia faida Jumatatu.

Seli aliyowekwa ilikuwa safi. Mwenzake humo alikuwa mtu aliyeshtakiwa kwa kuchoma ghala la shambani, na Thoreau alimwona kuwa mtu mwaminifu ambaye pengine alilewa na kulala humo akivuta kiko. Kwa udadisi wake wa kawaida, alisikiliza dirishani sauti za mji wake mwenyewe kana kwamba yuko safarini nchi ya mbali. Asubuhi aliletewa kinywaji cha chokoleti na mkate.

Kumbe usiku ule ule mtu alikuwa amefika kwa Staples, uso ukiwa umefunikwa kama inavyosimuliwa, na kulipa deni. Inaaminika alikuwa shangazi yake, Maria. Staples, ambaye alikuwa amekwisha kuvua viatu, aliona heri amwachilie mfungwa asubuhi. Baadaye alisimulia kwamba hakuna mfungwa mwingine aliyewahi kukasirika kwa kufunguliwa. Thoreau alikwenda kwa fundi, akachukua kiatu chake, na katika muda wa nusu saa alikuwa kilimani na kundi la marafiki wakichuma matunda ya msituni.

Majuma machache hayajapita, mnamo Agosti 1, wale wanawake wa Concord waliopinga utumwa walifanya mkutano wao wa kila mwaka wa kuadhimisha kukombolewa kwa watumwa katika visiwa vya Karibi. Mahali walipokutania ni mlangoni pa kibanda cha Walden.

Majirani walipotaka kujua sababu ya kitendo chake, aliwajibu kwa mihadhara miwili mwanzoni mwa 1848. Ilichapishwa mwaka uliofuata kwa kichwa kuhusu kuipinga serikali ya kiraia, na ni baada ya kifo chake, mnamo 1866, ndipo insha hiyo ilipopewa jina ambalo dunia inalijua: uasi wa kiraia. Hoja yake ni kwamba wengi wakipiga kura hawafanyi jambo kuwa haki, na kwamba mtu akitakiwa na sheria awe chombo cha kumdhulumu mwenzake, basi na aivunje, kisha aende jela bila kujificha.

Lakini kuna sehemu ya hoja hiyo ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo inayounganisha jela na shamba la maharagwe. Thoreau aliwauliza jirani zake waliokubaliana naye kwa nini hawakuchukua hatua. Akagundua kwamba waliogopa kwa ajili ya mali na jamaa zao. Kadiri mtu alivyo na vingi ndivyo serikali inavyokuwa na vishikio vingi vya kumshikia. Dawa aliyoipendekeza ni kulima kidogo, kula hicho kidogo, na kukaa tayari kuondoka.

Tusimcheke haraka. Ni mara ngapi mja hunyamaza afisini akiona hati isiyo halali ikipigwa mhuri, si kwa kutojua ukweli, bali kwa sababu ya mkopo wa benki, karo ya muhula ujao na kodi ya nyumba? Aliye na kazi huijua orodha hiyo kwa moyo. Thoreau hakuwa na karo ya kulipa, hilo tumelisema. Hata hivyo swali lake halimwachi msomaji kwa sababu tu aliyeliuliza alikuwa kapera.

Kitabu cha safari ya mtoni kilichapishwa 1849 kwa gharama ambayo ilimbidi ailipe mwenyewe. Nakala 1,000 zilipigwa chapa. Mnamo 1853 mchapishaji alimrudishia 706 ambazo hazikununuliwa, akazibeba mgongoni hadi darini. Hakukata tamaa. Alikiandika kile cha pili, Walden, mara saba tangu mwanzo kwa muda wa miaka minane hivi, akikata na kupanga upya, hadi kilipotoka Agosti 1854. Sisi ambao riziki yetu ni kukata maneno ya watu hutamani waandishi wetu wangekuwa na nusu ya subira hiyo. Nakala 2,000 zilichukua takriban miaka mitano kumalizika.

Wakati huo huo siasa zilikuwa zikimfuata hadi msituni. Sheria ya 1850 ililazimisha majimbo yasiyo na utumwa kuwakamata na kuwarejesha watumwa watoro. Nyumba ya akina Thoreau iliwapokea baadhi yao. Oktoba 1851 alifika Henry Williams, aliyetoroka kutoka Virginia. Familia ilimpa hifadhi na kuchanga nauli. Thoreau alipokwenda kituoni kukata tikiti alimwona mtu aliyefanana na polisi wa Boston, akarudi bila kununua, akangoja, kisha baadaye akampakia Williams kwenye treni ya kuelekea Canada. Hayo hakuyahutubia popote. Yamo katika kumbukumbu zake, kati ya maelezo ya mimea na hali ya anga.

Mnamo 1854 mtoro mwingine, Anthony Burns, alirejeshwa utumwani kutoka Boston akisindikizwa na wanajeshi. Julai 4 mwaka huo Thoreau alipanda jukwaani mjini Framingham na kuishutumu serikali ya jimbo lake kwa ukali ambao haukuwa na shayiri wala ndege ndani yake. Alikiri kwamba hata matembezi ya ziwani yalikuwa yameharibika. Nchi ikitenda uovu, uzuri wa ziwa haumwingii mtu.

Kisha akaja John Brown. Oktoba 1859, Brown na kundi dogo la wafuasi walivamia ghala la silaha la serikali kule Harpers Ferry, Virginia, wakitaka kuwasha maasi ya watumwa. Walishindwa. Karibu kila gazeti lilimwita Brown mwendawazimu, na hata wapinzani wengi wa utumwa wakajitenga naye. Thoreau, ambaye alikuwa amemfahamu tangu 1857, alitangaza kwamba angemzungumzia Oktoba 30. Marafiki walimsihi angoje. Akawajulisha kwamba hakuwa ameomba ushauri, bali alikuwa akitoa tangazo.

Hapa msimulizi wa maisha yake hupata taabu. Brown alikuwa na damu mikononi: mnamo 1856 kundi lake liliwaua watu watano waliounga mkono utumwa kule Kansas. Mtu aliyelala jela kwa amani miaka 13 awali alisimama kumtetea mtu wa upanga, na akamfananisha na Kristo. Wanaotaka Thoreau awe mtume wa amani tu huiruka sura hii. Haifai kurukwa. Dhamiri ikimwamuru mtu asilipe kodi, yaweza siku nyingine kumfikisha asikokutarajia. Brown alinyongwa Desemba 2. Siku moja baadaye Thoreau alimwendesha kwa gari la farasi hadi kituo cha treni kijana aliyekuwa akisakwa kwa kushiriki uvamizi ule.

Mambo yaliyompa umaarufu yalitokea akiwa kaburini. Mnamo 1907, wakili mmoja Mhindi kule Transvaal, Mohandas Gandhi, alichapisha sehemu za insha ile katika gazeti lake la Indian Opinion, Wahindi walipokuwa wakikataa sheria ya kuwasajili kwa alama za vidole. Gandhi mwenyewe alifafanua baadaye kwamba harakati zake zilitangulia, na kwamba kwa Thoreau alipata uthibitisho. Martin Luther King aliisoma akiwa mwanafunzi katika Chuo cha Morehouse, na akaikumbuka mgomo wa mabasi wa Montgomery ulipoanza Desemba 1955.

Hata zile orodha za maua, ambazo Emerson aliziona kuwa upotezaji wa kipaji, zimepata kazi. Watafiti wakiongozwa na Richard Primack wa Chuo Kikuu cha Boston walilinganisha tarehe za Thoreau na za sasa na kubaini kwamba maua ya Concord yanachanua mapema zaidi kwa sababu ya joto kuongezeka. Utafiti wa 2008 ulionyesha kwamba takriban asilimia 27 ya spishi za mimea alizozinakili hazipatikani tena mjini humo.

Mwenyewe hakufika mbali. Desemba 1860, akiwa nje katika baridi kali akihesabu pete za visiki ili kujua umri wa miti, alipata mafua yaliyogeuka kuwa ugonjwa wa kifua. Kifua kikuu kilikuwa kimeifuata familia hiyo kwa miaka mingi. Alisafiri hadi Minnesota mnamo 1861 akitafuta hewa kavu, akarejea akiwa hajapata nafuu. Alipoishiwa nguvu za kupanda ngazi, kitanda chake kiliteremshwa sebuleni, hicho hicho cha Walden. Aliendelea kusahihisha insha zake, na sauti ilipomwisha dada yake Sophia akawa anamwandikia.

Kibanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kuuzwa. Wakulima walikihamishia upande mwingine wa mji wakahifadhi nafaka ndani yake, na mnamo 1868 paa lake lingeng'olewa kufunika zizi la nguruwe.

Wageni walikuja kumjulia hali katika majira yale ya kuchipua ya 1862. Mmoja wao alikuwa Sam Staples, yule aliyemfungia mlango wa seli. Katika miaka iliyokuwa imepita wawili hao walikuwa wamekuwa marafiki. Staples aliketi na mgonjwa kwa muda wa saa moja hivi, na alipotoka alimweleza Emerson kwamba hajapata kumwona mtu akifa kwa raha na utulivu kiasi kile. Thoreau alifariki asubuhi ya Mei 6, akiwa na umri wa miaka 44. Jiwe la kaburi lake katika makaburi ya Sleepy Hollow ni dogo, halifiki magotini, na limechongwa neno moja tu: Henry.